Mnunuzi Yupo, Fleti Ipo, Sheria Inakataa: Kisa cha Mgawo wa Jamii Singapore

Chukua familia ya Kimalay inayoishi ghorofa ya tisa katika mtaa mmoja wa Singapore. Watoto wamekua na kuondoka, wazee wanataka kuhamia fleti ndogo karibu na binti yao. Wanamwita dalali, fleti inatangazwa, na haupiti muda anajitokeza kijana wa Kichina na mchumba wake. Mkopo wanao, na bei wameikubali bila kubishana sana. Dalali anafungua tovuti ya shirika la nyumba la serikali, anaingiza namba ya jengo, anachagua asili ya muuzaji na asili ya mnunuzi, halafu anatikisa kichwa. Jengo limejaa Wachina. Biashara imekufa hapohapo.

Familia hiyo nimeitunga ili kisa kieleweke. Hali yenyewe sikuitunga: Wamalay na Wahindi wa Singapore wameilalamikia kwa miaka mingi, na imefika hadi bungeni. Chanzo chake ni sera ya mwaka 1989 inayoweka ukomo wa idadi ya kila jamii katika kila jengo la serikali na kila mtaa. Singapore inajivunia sera hii kuliko karibu sera yoyote nyingine ya kuishi pamoja, na wageni wanaotembelea nchi hiyo hupewa kama somo. Mimi naiona kama sera iliyotimiza lengo lake kuu, kisha ikawapelekea bili walewale iliodai kuwalinda.

Kwanza tuangalie mji wenyewe ulivyoanza.

Singapore ni nchi ya wahamiaji. Wamalay ndio wanaotambuliwa na katiba, ibara ya 152, kuwa wenyeji wa asili. Waliobaki waliletwa na biashara, njaa na meli: Wachina kutoka pwani ya kusini ya China, Watamil na Wahindi wengine, Wabugis wa kisiwa cha Sulawesi, na Waarabu wa Hadhramaut. Hawa wa mwisho tunawafahamu vizuri. Hadhramaut ileile iliyotoa masharifu na wafanyabiashara wa Lamu, Mombasa na Zanzibar ndiyo iliyotoa familia za Alsagoff, Aljunied na Alkaff za Singapore, na hadi leo kuna eneo la kupigia kura linaloitwa Aljunied.

Mwingereza alipoupanga mji huo miaka ya 1820, aliipa kila jamii eneo lake: Wachina kule, Wahindi huku, Waarabu na Wabugis upande wa Kampong Glam, Wazungu pazuri pao. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini zilizaliwa na akili hiyohiyo.

Mgawanyo huo ulidumu zaidi ya karne, na tarehe 21 Julai 1964 ukatoa damu. Siku hiyo ilikuwa Maulidi. Maelfu ya Waislamu walikusanyika uwanja wa Padang, wakaandamana kuelekea Geylang kwa kaswida na bendera, na njiani vurugu zikazuka kati ya Wamalay na Wachina. Watu 23 walikufa na zaidi ya 450 wakajeruhiwa. Septemba mwaka huohuo ghasia zilirudi, wakafa wengine 13. Singapore wakati huo ilikuwa jimbo la Malaysia, na mvutano kati ya PAP, chama cha Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa Singapore, na UMNO, chama cha Wamalay kilichotawala Kuala Lumpur, ulikuwa mkali. Mpaka leo pande zote mbili zinanyoosheana vidole kuhusu nani aliwasha moto.

Jambo moja katika historia hiyo hupitwa haraka mno. Miongoni mwa malalamiko yaliyokuwa yakichochewa wiki zilizotangulia, moja lilihusu nyumba: familia za Kimalay zilizokuwa zikiondolewa kwenye makazi yao ya zamani, eneo la Crawford, kupisha ujenzi wa serikali. Suala la nani aishi wapi lilikuwa ndani ya ugomvi tangu mwanzo. Agosti 1965 Singapore ikatoka Malaysia, ikabaki nchi ndogo yenye Wachina wengi, katikati ya majirani wenye Wamalay na Waislamu wengi. Hofu hiyo ndiyo iliyokaa mezani wakati kila sera iliyofuata inaandikwa.

Serikali yenye ardhi yote

Bodi ya Nyumba na Maendeleo, inayojulikana kwa herufi HDB, ilianzishwa Februari 1960. Mwaka uliofuata moto mkubwa uliteketeza mabanda ya Bukit Ho Swee na kuacha watu wapatao 16,000 bila makazi, na bodi hiyo ikapata sababu na nguvu ya kujenga kwa kasi. Sheria ya mwaka 1966 ikaipa serikali uwezo wa kutwaa ardhi kwa fidia ndogo, hata leo takribani 90% ya ardhi ya nchi iko mikononi mwa dola. Kuanzia 1968 wafanyakazi waliruhusiwa kutumia akiba yao ya lazima ya uzeeni kununulia fleti hizo. Anayekumbuka maghorofa ya Michenzani kule Zanzibar apate picha ya majengo ya namna hiyo yakiongezwa mpaka yafike fleti zaidi ya milioni moja, yakihifadhi takriban wanane kati ya kila wakazi kumi. Na wengi wao ni wamiliki wa hati ya miaka 99, kodi ya mwezi hawaijui.

Kuhamishwa huku kulivunja vijiji vya Kimalay na mitaa ya koo za Kichina kwa pamoja. Serikali iliona hilo ni jema: watu wachanganywe, wazoeane. Ila katika miaka ya 1970 na 1980 fleti zilipoanza kuuzwa na kununuliwa tena, watu walifanya wanachofanya watu popote. Walirudi karibu na mama, karibu na msikiti, karibu na soko linalouza wanachokula. Wamalay wakaongezeka Bedok na Tampines, Wachina Hougang, na Wahindi wakaonekana zaidi Yishun. Hakuna aliyewalazimisha.

Waziri wa nyumba wa wakati huo, S. Dhanabalan, naye mwenye asili ya Kihindi, alitangaza mapema mwaka 1989 kwamba mwelekeo huo utasimamishwa. Kuanzia Machi mwaka huo kila jamii ikawekewa viwango viwili, kimoja cha mtaa na kimoja cha jengo. Wachina 84% mtaani na 87% katika jengo. Wamalay 22% na 25%. Wahindi na wengineo 10% na 13%, viwango ambavyo mwaka 2010 vilipandishwa hadi 12% na 15%. Mwaka huohuo wa 2010 wakaaji wa kudumu wasio raia nao wakawekewa ukomo wao, 5% mtaani na 8% katika jengo, isipokuwa Wamalaysia, ambao walionekana kuwa karibu kiutamaduni.

Hesabu inayoumiza upande mmoja

Ukitazama viwango hivyo juujuu vinaonekana vya haki kabisa. Kila jamii ina ukomo unaokaribia au kuzidi idadi yake katika taifa. Sensa ya 2020 iliwahesabu wakazi wa asili ya Kichina kuwa karibu 74%, Wamalay 13.5%, Wahindi 9%, na wengine waliobaki. Hata jamii kubwa imefungwa kamba. Utata unaanza pale fleti inapouzwa.

Kanuni inasema mauzo kati ya watu wa jamii moja yanaruhusiwa siku zote, kwa sababu hayabadilishi uwiano. Chukua jengo la fleti 100 ambamo 87 ni za Wachina. Mchina anayetaka kuhama anaweza kumuuzia Mchina mwenzake, Mmalay au Mhindi, maana Mchina akitoka Mchina akaingia hesabu inabaki palepale. Yeye soko lake halijaguswa hata kidogo. Jirani yake Mmalay, fleti ileile, ghorofa ileile, hawezi kumuuzia Mchina, kwa kuwa wangefika 88. Karibu wanunuzi watatu kati ya wanne nchini wamefutwa mbele yake. Waliobaki ni Wamalay na Wahindi, na wengi wao hawana haja ya kuhamia jengo ambalo wangekuwa wachache kupita kiasi, mbali na jamaa zao.

Geuza upande. Jengo lililofika ukomo wa Wamalay linamzuia Mchina kumuuzia Mmalay. Anapoteza wanunuzi 13 kati ya 100, na wale 74 bado wapo. Kanuni ni moja, maumivu hayalingani.

Kwa hiyo familia yetu ya ghorofa ya tisa ina njia mbili: kushusha bei mpaka mnunuzi wa jamii inayoruhusiwa ashawishike, au kusubiri. Na tusisahau kwamba kwa Msingapore wa kawaida fleti ndiyo akiba yake ya uzee. Hela za mfuko wa uzeeni zimezikwa humo. Kupunguza bei ya fleti ni kupunguza pensheni. Wamalay, kwa wastani, tayari wana kipato cha chini kuliko Wachina. Mwaka 2021 serikali ilikiri bungeni kuwa karibu theluthi moja ya majengo yake yamegusa ukomo mmoja au mwingine, kwa hiyo si kisa cha watu wachache wenye bahati mbaya.

Kilichopatikana

Sasa nisimalize wino kwenye lawama, kwa sababu kilichopatikana kinaonekana kwa macho. Singapore haina mtaa wa serikali ambao teksi inakataa kuingia kwa sababu ya asili ya wakazi wake. Hakuna shule ya mtaa iliyokuwa ya maskini wa kabila moja kwa sababu tu mtaa wenyewe ni wa kabila hilo.

Majengo mengi ya HDB yana sehemu ya chini iliyoachwa wazi, nguzo tupu na sakafu ya saruji. Jumamosi moja utakuta hapo harusi ya Kimalay: mapambo, meza za biriani, vijana wakipiga dufu huku bwana harusi akiingia. Wiki inayofuata palepale kuna turubai la msiba wa Kichina, wafiwa wanakesha na kucheza karata, ubani unafuka mpaka ghorofa za juu. Jirani wa kila upande anapita katikati akielekea kwenye lifti na mfuko wa mboga. Hapendi kelele pengine, ila ameshazoea, na kuzoea ndiko serikali ilikokuwa inakutafuta.

Kuzoeana huko kulipimwa Agosti 2011 kwa mchuzi. Gazeti moja lilieleza shauri la zamani lililowahi kusuluhishwa na kituo cha usuluhishi cha jamii. Familia iliyohamia kutoka China ilikereka na harufu ya mchuzi wa viungo wa majirani zao wenye asili ya Kihindi. Majirani hao walikuwa wakifunga milango na madirisha wakipika, haikutosha. Mwisho wa usuluhishi, Wahindi walikubali kupika mchuzi huo tu wakati wageni wale hawapo nyumbani, na wale nao wakakubali kuuonja.

Habari ilipotoka nchi iliwaka. Makumi ya maelfu ya watu walijiandikisha mtandaoni kupika mchuzi kwa siku moja, Jumapili ya tarehe 21 Agosti, na Wachina wa Singapore walikuwa mstari wa mbele. Hapo ndipo unapoona kitu ambacho takwimu hazikionyeshi. Mchina aliyezaliwa Singapore alijiona yuko upande wa Mhindi wa mlango wa pili dhidi ya Mchina aliyetoka China juzi. Wapo waliousifu mkasa huo kama ushindi wa umoja. Nakubali nusu yake. Nusu nyingine ni kwamba umoja uliopatikana ulihitaji mgeni mpya wa kusimamishwa nje ya mlango.

Siasa ndani ya zege

Mwaka mmoja kabla ya mgawo wa nyumba, 1988, Singapore ilianzisha majimbo ya uchaguzi ya vikundi: chama kinasimamisha timu, na angalau mmoja wa timu lazima atoke jamii ya wachache. Sera hizi mbili zisomwe pamoja. Wamalay waliotawanywa sawasawa katika kila mtaa hawawezi kuwa wengi katika jimbo lolote, kwa hiyo hawawezi kumchagua wao kwa wao mbunge wa kuwasemea. Wanapewa mbunge kupitia timu, na timu huundwa na chama. Tangu hapo chama kilichounda timu nyingi za ushindi ni kimoja, PAP. Watetezi wanasema hilo limezuia siasa za ukabila, na msomaji wa Kenya anayekumbuka Desemba 2007 atakuwa mwepesi kuwaelewa. Lakini linafaa sana kwa anayetawala, na sera inayomfaa sana anayetawala inastahili kutazamwa mara mbili.

Halafu kuna mahali ambapo serikali yenyewe haikuchanganya watu. Tangu 1979 zipo shule teule za kukuza lugha na utamaduni wa Kichina, nyingi zikiwa za daraja la juu, ambamo mtoto wa Kimalay ni nadra kumkuta. Jeshini, Wamalay walifungiwa nafasi nyeti kwa miaka mingi, na viongozi walilisema hilo hadharani mwaka 1987. Kwenye nyumba za kupangisha za watu binafsi, matangazo ya kukataa wapangaji Wahindi au wapangaji kutoka China yamekuwa yakionekana waziwazi. Mtu unaweza kumgawia jirani kwa asilimia. Shule, cheo na chumba cha kupanga vikabaki kama vilivyokuwa.

Mjadala ulipopamba moto mwaka 2021, chama cha upinzani cha Workers' Party kilitaka nchi ijiandae kuachana na mgawo huo hatimaye. Serikali ilishikilia kwamba bado unahitajika, lakini ikakubali kuwa unawaumiza baadhi ya wauzaji. Kuanzia 2022 HDB imekuwa tayari kuinunua fleti ya mmiliki aliyekwama kabisa kwa sababu ya ukomo huo, baada ya kujaribu kuuza na kushindwa.

Hapo ndipo walipogusa penyewe, wakiwa wamechelewa miaka 33. Kama mchanganyiko wa mtaa ni faida ya taifa zima, gharama yake ilipwe na taifa zima. Kumwachia Mmalay wa ghorofa ya tisa agharimie amani ya watu takriban milioni sita kwa kupunguza bei ya fleti yake ni kumtoza kodi ambayo haijawahi kupitishwa kwa jina hilo. Njia ya kununua na serikali ni sahihi kimsingi; kasoro yake ni kwamba imekuja kama huruma kwa aliyekwama, wakati ilipaswa kuwa haki ya kila muuzaji aliyezuiwa, kwa bei ambayo jirani yake Mchina angeipata wiki hiyohiyo.

Wengine wameshajaribu sera za namna hii, na Denmark ni mfano unaofundisha. Sheria yake ya 2018 ililenga mitaa ya nyumba za jamii yenye wakazi wengi wenye asili iliyoitwa ya nje ya Magharibi, ikataka nyumba hizo za familia katika mitaa iliyoainishwa kuwa sugu zipunguzwe hadi 40% ifikapo 2030, kwa kuuza, kubomoa au kubadilisha matumizi. Inafanana na Singapore kwa sura tu. Mdenmark hana ukomo wowote. Hakuna mtaa uliowahi kuambiwa kwamba Wadenmark wamezidi. Singapore, pamoja na ubaya wote niliousema, iliwaandikia ukomo Wachina pia, na ikajenga nyumba kwanza kabla ya kumwambia mtu ahame.

Kwa miji yetu sera hii haihamishiki, na sababu iko kwenye ardhi. HDB inaweza kumkataza mtu kuuza kwa sababu fleti na kiwanja ni vya dola tangu mwanzo. Nani atamkataza mwenye kiwanja Eastleigh au Upanga? Kabla hujafika kwenye asilimia unahitaji dola inayomiliki sehemu kubwa ya nyumba na inayoaminiwa kuhesabu bila kupendelea, na la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Singapore yenyewe hesabu imeanza kuisumbua. Takriban ndoa moja kati ya tano siku hizi ni ya watu wa jamii tofauti. Tangu 2011 mzazi anaweza kumwandikisha mtoto asili mbili, kwa mfano Mhindi-Mchina, lakini kwenye mgawo wa nyumba inayohesabiwa ni ile iliyotangulia. Wapo basi wazazi wanaokaa wodini na fomu ya kuzaliwa, wanajadiliana lipi litangulie, huku wakifikiria fleti ambayo mtoto huyo atakuja kuiuza baada ya miaka 40.